Chupa ya Pili ya Damu

Mkojo wa marehemu ulikuwa mweusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni.

Inspekta aliinama chini ya kitanda, akautazama mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia kwenye chuma, mpira wake bado umeungana na maiti. Kisha alinyanyuka, magoti yakalia. Kitandani, mzee alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Bendeji ya tumboni ilikuwa nyeupe, safi, haina hata doa. Huko alikokatwa hakukuwa na neno. Balaa lilikuwa limeingilia mkono wa kushoto, kupitia sindano, likitokea kwenye mfuko wa damu uliotundikwa juu ya kichwa chake. Mfuko wenyewe ulikuwa umebaki na damu ya kulowesha kidole tu.

"Nani amegusa kitu hapa?"

"Mimi tu, Afande. Nimefunga dripu," alijibu muuguzi wa zamu. Mikono yake aliificha mifukoni mwa gauni.

"Usiguse tena, Sista. Sajini, beba mfuko wa damu na mpira wake, na huo wa mkojo. Vyote ni vielelezo."

Sajini alikuwa jitu ambalo liliwahi kumkamata jambazi kwa kumkalia tu, akakaa hapo akila karanga hadi gari la polisi lilipofika. Lakini damu hakuiweza. Alivaa glavu akitazama dari, akakusanya vielelezo kwa kupapasa.

Kioo kilivunjika mahali fulani mwisho wa ukumbi.

"Ni ndugu wa marehemu," alisema muuguzi. "Wako benki ya damu. Wanamtaka Matone."

Matone ndiye aliyekuwa mtaalamu wa maabara, mwenye funguo za benki ya damu. Inspekta alipofika, kioo cha mlango kilikuwa chini, na mbele ya mlango, ndugu wengine wakiwa nyuma yake, alisimama mwanamke wa makamo, kiatu mkononi. Huyu alikuwa dada wa marehemu. Wodini walisema sauti yake iliwahi kumzindua mgonjwa kabla dawa ya usingizi haijaisha.

"Toka nje, muuaji! Umempa kaka yangu damu ya mbuzi!"

"Mama, teremsha kiatu."

"Siteremshi! Nimetoa damu yangu kwa ajili yake, Afande, yangu mwenyewe, na huyu mlevi kaibadilisha!"

"Kiatu, mama."

Kiatu kiliteremka. Ndani, chini ya meza, Matone alikuwa amekaa akishika paji la uso. Damu ilimtiririka hadi kidevuni naye akaitazama kwenye vidole vyake. Mtu aliyeishi na damu za watu miaka yote hiyo, sasa aliitazama yake kana kwamba ni ya kundi asilolijua.

"Nikitoka nitauawa," alisema.

"Ukitoka nami utakamatwa. Chagua."

Alichagua kukamatwa.

Walipokuwa wakimpitisha ukumbini, mwanamke mwembamba aliyekuwa amekaa peke yake kwenye benchi alisimama. Alikuwa mke wa marehemu. Hakupiga kelele. Alimkaribia Inspekta, akasema kwa sauti ndogo lakini ya kutosha watu kusikia:

"Alikuwa amelewa, Afande. Nilimnusa mwenyewe alipokabidhi ile damu."

Ukumbi mzima ulinguruma. Sajini aliandika maelezo, mjane akatia sahihi.

* * *

Daktari mpasuaji alikuwa bado na nguo zake za kijani. Alikuwa ametoka kumkata mtu mmoja na kuelezwa kuwa mwingine amekufa.

"Niambie kwa lugha yangu, Dokta," alisema Inspekta.

"Alikuwa na saratani ya utumbo mpana. Alitoka damu chooni muda mrefu, akaona haya kusema. Nyumbani alisema ni bawasiri."

"Mficha maradhi."

"Ndiyo. Alipoletwa alikuwa amepauka, ukimfunua jicho ni jeupe. Tukamwongezea chupa moja, ndipo nikamkata. Uvimbe nikautoa wote, utumbo nikauunga. Leo asubuhi nimempitia, kaniuliza ataanza lini kula nyama."

Chupa, walisema wote, ingawa damu siku hizi huja kwenye mifuko ya plastiki. Chupa zilishatoweka, neno lilibaki.

"Na chupa ya pili?"

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Hiyo niliikataa."

"Kwa nini? Damu si uhai?"

"Ni uhai wa mtu mwingine, Inspekta. Ukiingia kwako, mwili unaupokea kama mgeni aliyekuja na mizigo. Unaacha kazi zako, unamhudumia. Wagonjwa wangu wa utumbo wanaoongezewa damu, wengi hawaendi vizuri kama wasioongezewa. Vidonda huchelewa, usaha huingia, wengine ugonjwa huwarudia. Sisemi ni damu peke yake. Anayeihitaji mara nyingi huwa taabani tangu mwanzo. Ila kanuni yangu ni kwamba anayeihitaji nampa mara moja, asiyeihitaji simpi. Huyu alikuwa haihitaji tena."

"Mbona alipewa?"

"Mimi nilikuwa nakata mtu. Ndugu wakafanya fujo. Daktari wa zamu akaandika apewe, ili wodi ipate utulivu."

"Fujo ya nini?"

"Walitoa mbili, walitaka mbili zao."

Hospitali ile, kama nyingine nyingi, ilikuwa na utaratibu wake: anayekwenda kupasuliwa, ndugu zake watoe damu ya kuziba pengo kwenye friji. Damu yenyewe iliwekwa pamoja na ya watu wengine, mgonjwa akapewa yoyote inayomfaa. Ndugu waliambiwa hivyo. Ndugu waliitikia kwa vichwa. Na kila mmoja alirudi nyumbani akijua moyoni kwamba chupa yake ina jina lake, na inamngoja mgonjwa wake. Kuiacha ile ya pili kwenye friji kulikuwa sawa na kumwachia jirani mtoto wako.

"Unadhani nini kimemuua, Dokta?"

"Damu ya kundi lisilo lake. Mkojo mweusi, presha kuanguka, moyo kusimama. Mtu amekosea kundi. Na hapa makundi hupimwa na mtu mmoja."

Kituoni, mkuu wa kituo alikuwa ameshaamua.

"Mfungulie mashtaka kesho asubuhi. Hospitali imekubali."

"Imekubali nini, Afande?"

"Imekubali kuwa ni yeye."

* * *

Inspekta alikuwa na jina la pembeni: Mama Kimya. Hakupiga mtu, hakutishia mtu. Aliuliza swali, akanyamaza, na kile kimya kikamkalia mtuhumiwa kuliko Sajini alivyomkalia jambazi.

Mahabusu, Matone alikuwa ameshonwa, kichwa kimefungwa bendeji.

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana."

Kimya.

"Afande, mimi nilikuwa mlevi kwa bidii sana, na nimeacha kwa bidii hiyo hiyo. Mke alishaondoka, hilo nalikubali. Wakiniondolea na kazi, sina tena sababu ya kutolewa."

"Kundi ulipima?"

"La mgonjwa ni O, la chupa ni O. Nikachanganya tone na tone, zikapatana. Kapimeni wenyewe. Msinipe nipime mimi, mtasema nimejitetea."

"Na kama umekosea?"

Alijipapasa bendeji.

"Kama nimekosea, basi hata hili pigo ni dogo."

Inspekta alitoka. Kwenye ngazi Sajini alimwuliza:

"Unamwamini?"

"Simwamini mtu yeyote mwenye bendeji. Huruma huvuruga akili. Tungoje simu."

Simu ilitoka kwa daktari wa maiti, bwana aliyezungumza taratibu kwa sababu wagonjwa wake hawakuwahi kumharakisha.

"Marehemu ni O," alisema. "Mabaki ya mfuko ni O. Nimerudia, nikampa na mwenzangu arudie. Makundi ni sawa."

"Basi ameuawa na nini?"

"Na damu iliyo sawa ambayo haikuwa damu tena. Sikiliza. Damu nzima ukiiacha isimame kwenye kichupa, chembe nyekundu hushuka chini, juu hubaki maji ya manjano. Hii yetu juu ni nyekundu kama sharubati. Chembe zimepasuka zote, zikamwaga kilichomo. Moyo ukasimama kwa sumu hiyo."

"Chembe hupasukaje?"

"Ama iligandishwa barafu, ama iliona moto. Nimeipima pia kama ina vijidudu, nangoja majibu, ila sitegemei kitu. Wewe itazame lebo. Imekunjamana, gundi imevimba, wino umetiririka upande mmoja. Huo mfuko umelala kwenye maji, na kwa hali ya damu iliyomo, maji yenyewe yalikuwa ya moto. Hii damu imepikwa, Inspekta."

Inspekta alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa.

"Sajini, benki ya damu kuna jiko?"

"Kuna friji na redio mbovu. Hata birika hana, huomba chai wodini."

"Basi tuifuate chupa. Imetoka kwa Matone, ikapita mikono, ikafika mshipani. Mkono mmoja kati ya hiyo ulikuwa na maji ya moto."

* * *

Walianza na mkono wa mwisho. Muuguzi alikalishwa kwenye chumba cha dawa, kati ya makabati ya kioo.

"Ulipoitundika, chupa ilikuwaje?"

"Kawaida."

Kimya. Bomba lilidondosha tone kwenye sinki. Lingine. Lingine.

"Ilikuwa na joto," alisema muuguzi.

"Joto gani?"

"Kama chupa ya maziwa ya mtoto."

"Hukushtuka?"

"Nilikuwa peke yangu wodi nzima, Afande. Mmoja anatapika, mwingine kachomoa mpira, ndugu wananiita huku na huku. Nikasema labda imekaa nje."

"Nani aliwaza kuipasha?"

Muuguzi alianza kulia bila sauti.

"Ni mimi. Chupa ya kwanza ilimtetemesha mgonjwa hadi kitanda kikagonga ukuta. Mkewe akaniuliza, 'Sista, tutafanyaje?' Nikamwambia, ikija ya pili ishike kwanza mikononi mwako ipungue baridi. Mikononi! Hata hilo sikupaswa kusema. Lakini sikusema maji, Afande. Maji sikuyasema."

"Kuishika hiyo chupa, kazi ya nani?"

"Yangu."

"Ulipoona mkojo umekuwa mweusi ulijua."

"Nilihisi."

"Ukanyamaza."

"Kila mtu alikuwa anasema Matone."

"Ukasema na wewe uwaachie waseme." Inspekta alisimama. "Usiondoke hospitali, Sista. Bado hatujamalizana."

Kitanda cha jirani na cha marehemu kililaliwa na kinyozi mstaafu, tumbo limevimba, ulimi mzima.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Inspekta. "Nilikuwa nasema polisi wetu kweli vipofu, wanapita hapa kama mimi ni kabati."

"Uliona nini, mzee?"

"Mimi nimenyoa vichwa maisha yangu yote. Mtu akiwa kwenye kiti hajui kuwa unamwona kwenye kioo. Mke wa huyu bwana alivuta pazia. Akamimina maji ya chupa ya chai kwenye beseni. Mvuke ukapanda hadi juu ya pazia. Nikasema, heri ya mwenzangu anaoga. Mimi wangu akija huniletea habari za majirani, basi."

"Alimwogesha?"

"Ndilo lililonishangaza. Sikusikia maji yakichezwa. Na beseni lilipotoka lilikuwa limejaa vile vile, taulo kavu begani. Nikamwuliza, 'Mama, umemwogesha kwa maombi?' Hakucheka. Mzaha wangu, wodi hii wote huucheka, hata wanaokata roho."

"Uliyasema haya kwa nani?"

"Nani ameuliza?"

* * *

Dada wa marehemu walimkuta nje ya chumba cha maiti, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akingoja kupewa mwili. Kiatu kilikuwa mguuni.

"Mmeshamnyonga?" aliuliza.

"Nani alikwenda kwenye dirisha la benki ya damu kuchukua chupa?"

"Mimi! Damu yangu, angeichukua nani?"

"Wifi yako hakwenda?"

"Yule? Yule alikuwa kitandani akimpapasa mumewe miguu. Ndiyo kazi anayoijua."

"Hakukaribia benki ya damu?"

"Nimekwambia nilikwenda mimi. Nikapewa, nikaitia kikapuni, nikaenda nayo. Vidole vilinifa ganzi kwa baridi. Nikamkabidhi yeye, nikatoka nje kupunga upepo. Toka nitoe damu kichwa kinanizunguka."

"Matone alinuka pombe?"

Mwanamke alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Afande, ningependa kusema ndiyo. Haki ya Mungu ningependa. Lakini kile kioo cha dirishani hakipitishi hata sauti yangu, ndiyo kitapitisha pumzi yake? Chupa huipitisha tundu la chini. Kanilazimisha nisome jina la kaka yangu mara mbili kabla hajaiachia. Nikamwambia mimi si mtoto wa shule."

Sajini aliacha kuandika. Alimtazama Inspekta.

"Twende," alisema Inspekta.

"Kwenda wapi?" aliuliza yule mama. "Mnakwenda wapi? Mbona hamniambii?"

* * *

Nyumba ya marehemu ilikuwa na vyumba vitatu na mlango mmoja. Uani, watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima. Mjane alikuwa chumbani, sakafuni, mgongo ukutani. Juu ya kitanda kulikuwa na suruali ya mumewe, aliyokuwa amemtolea avae siku ya kurudi nyumbani, imekunjwa.

Inspekta aliketi sakafuni pia. Sajini alisimama mlangoni, akaujaza.

"Mama, pole tena."

"Tumeshapoa."

"Uliniambia Matone alinuka pombe alipokabidhi damu."

"Ndiyo."

"Ulisimama wapi?"

"Pale dirishani."

"Dirisha lile lina nini?"

Mjane alinyamaza. Inspekta naye alinyamaza. Nje kulikuwa na sauti ya mtu akikoroga sukari, kijiko kikigonga kikombe.

"Lina... dirisha tu."

"Hukwenda dirishani, mama. Wifi yako ndiye aliyekwenda."

"Labda nilimnusa ukumbini."

"Hakutoka chumbani kwake hadi nilipomtoa mimi. Na hapo alinuka damu yake."

Mjane aliikamata ncha ya nguo yake, akaanza kuizungusha kidoleni.

"Beseni lilikuwa la nini?" aliuliza Inspekta.

"La kumwogesha."

"Taulo lilikuwa kavu."

Kimya kilirudi. Safari hii kilikaa. Sajini baadaye alisema kilikaa hadi akasikia nywele zake zikiota. Mwishowe mjane aliiachia ile nguo.

"Alikuwa anatetemeka, Afande," alisema. "Hukumwona. Ile chupa ya kwanza ilipoingia, meno yalikuwa yanagongana, ananishika mkono anasema, 'Mama watoto, wananitia barafu. Naisikia inapita kifuani.' Mwanamume aliyekuwa anaoga maji ya kisima asubuhi! Nikamwuliza Sista. Akasema ishike mikononi. Basi wifi alipoileta nikaishika. Nikaiweka kwapani. Nikaiweka tumboni, ndani ya nguo. Nikaona inanitia baridi mimi, yenyewe haipati joto. Naye ananitazama. Anaiogopa. Mtu mzima, anaitazama chupa kama mtoto anavyoitazama sindano."

"Ukachukua chupa ya chai."

"Maji ya moto nilikuja nayo ya kumkanda. Nikaliweka beseni chini, nikaitumbukiza. Maziwa ya watoto wangu wote nilipasha hivyo hivyo. Hakuna aliyedhurika."

"Ikakaa sana?"

"Hadi ikawa nzuri mkononi. Nikaipangusa, nikamwita Sista."

"Ulijua lini?"

"Alipoanza kushika kiuno. Akasema mgongo unakatika. Halafu nikaona ule mpira, mkojo unabadilika, unabadilika, kama mtu anamwaga wino. Sikuhitaji kuambiwa. Kitu kilichoingia mle ni kimoja, na aliyekipika ni mimi."

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Ningemwambia nani?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, akaizuia kwa kiganja, akatazama mlangoni. "Afande, huwajui hawa. Mume wangu alipoanza kukonda, walisema namnyima. Aliposhindwa kwenda choo, walisema nimemlisha kitu. Daktari aliposema utumbo, wifi aliniuliza mbele ya ukoo wote: 'Utumbo huozeshwa na nini kama si chakula? Na chakula nani anapika?' Toka siku hiyo akawa anamletea chakula yeye. Changu kinarudi kilivyokwenda. Sasa niende kwao niseme, hata damu nimeipika mimi?"

Inspekta aliitazama ile suruali iliyokunjwa kitandani.

"Ningetoka humu na watoto na nguo tulizovaa. Na jina. Hilo jina lingewafuata watoto hadi kaburini: mama yao alimpika baba yao."

"Ukamtafuta Matone."

"Sikumtafuta. Watu walikuwa wameshampata. Mimi niliongeza harufu tu."

"Alikuwa mlevi zamani. Ulijua?"

"Kila mtu anajua. Ndiyo maana ilishika."

"Amepasuliwa kichwa. Kesho angefikishwa mahakamani."

"Nilisikia walivyompiga. Nilikuwa pale kwenye benchi, nahesabu." Alifuta uso. "Nikasema, wakichoka na huyo, hawatakuwa na nguvu ya kuja kwangu."

Inspekta alinyanyuka, magoti yakalia tena. Alimpa mkono, akamwinua.

"Nitakufungulia mashtaka ya kusababisha kifo kwa uzembe, na kutoa maelezo ya uongo. Sista atakuwa pamoja nawe kwenye hilo la kwanza. Unaelewa?"

"Naelewa. Hakuna mlango wa nyuma?"

"Nyumba ni yako, mama. Wewe ndiye unayejua."

Mlango ulikuwa mmoja.

Sajini alitangulia. Hakumtia pingu. Alimshika kiwiko kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba yai. Wanawake kwenye mikeka walisogeza miguu. Dada wa marehemu ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka hospitali, jasho likimtoka.

"Mnampeleka wapi?" aliuliza. "Afande, mnampeleka wapi wifi yangu?"

Inspekta alitaka kusema. Mjane alimtangulia.

"Niliipasha moto ile chupa, wifi. Yule bwana hana kosa. Ni mimi."

Watu walihitaji muda wa kuelewa. Dada wa marehemu hakuhitaji.

"Nilisema!" Sauti ikaruka ukuta hadi kwa majirani. "Nilisema mimi! Toka siku ya ndoa nilisema! Kaanza na utumbo, kamalizia na damu! Kaka yangu! Mpishi wee, umemmaliza kaka yangu!"

Mtu alitupa kikombe. Kilimpita mjane, kikampata Sajini kifuani, kikaanguka kizima. Watu walisimama. Mjane aliinamisha kichwa kama anayengoja mvua.

Inspekta alimsogelea dada wa marehemu hadi pua zikakaribia kugusana.

"Chupa ya pili," alimwuliza, "daktari aliikataa. Nani aliidai?"

Halafu akanyamaza.

Yule mama alivuta pumzi ya kujibu. Pumzi ikakaa. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Ndugu walikuwa wanamtazama yeye sasa, hata yule aliyetupa kikombe. Wote walikuwapo siku hiyo hospitali. Wote walimsikia akigonga meza ya daktari wa zamu, akisema damu ya ukoo wao haibaki kwenye friji ya watu. Na wengine walimpigia makofi.

Alikaa chini kwenye mkeka, mguu mmoja ukabaki nje, hakuuvuta.

* * *

Kwenye gari, Inspekta alishika simu ya upepo, akaita kituo.

"Mfungulieni Matone."

"Amelala, Afande."

"Mwamsheni mumfungulie. Na mumwombe radhi."

"Kwa maneno gani?"

"Jaribuni. Hamjawahi, ndiyo maana hamyajui."

Gari liliondoka. Sajini alikuwa amekaa nyuma na mjane, daftari la maelezo gotini, akiandika kwa herufi kubwa kama mtu anayechonga. Alimsomea alichosema, sentensi baada ya sentensi, naye akaitikia kila moja. Walipofika mwisho, Sajini alimpa kalamu atie sahihi.

Mjane hakuipokea.

"Kuna neno moja halimo," alisema.

"Lipi?"

"Mlipouliza, hamkuuliza mume wangu alisema nini ile chupa ilipoanza kuingia."

Sajini alimtazama Inspekta kwenye kioo kidogo cha ndani ya gari. Inspekta hakugeuka.

"Alisema nini, mama?" aliuliza.

"Sista alipoondoka, alifumba macho. Nikaona mabega yanashuka, mikono inaachia shuka. Sikuwa nimemwona hivyo toka augue. Akaniambia, 'Mama watoto, sasa nimepata joto.' Nikamfunika miguu, nikafurahi." Alinyoosha mkono, akachukua kalamu. "Nilifurahi sana, Afande. Na hilo liandikeni."